Mkungu Kichwani pa Adventina

Sogezeni vigoda, wasikilizaji. Leo sina hadithi ya kuwalaza. Nina kesi, na hakimu wake hajapatikana. Atakayesinzia ndiye nitakayemuuliza wa kwanza.

Palikuwa na watu watatu huko Rukindo, nchi ya migomba, ambako mtu hupanda mgomba kwanza ndipo ajenge nyumba. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Bi Kemilembe, mjane, alijua kutunza, na kitu alichoachiwa hakikufia mikononi mwake. Daktari Leonida, mtafiti wa mimea, alijua kuchungulia ndani ya mgomba, mahali ambapo macho yetu hayafiki, akaona kinachoufanya huu uwe mgumu na ule uwe dhaifu. Na Respicius, mlinzi wa shamba la majaribio la huyo Daktari, kipaji chake kilikuwa neno lake. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Waliosafiri walimwachia funguo, na majirani waliogombana walimwachia mapanga yao mpaka hasira ziishe.

Basi mnyauko ukaingia Rukindo. Majani yakalegea, mikungu ikaiva kabla ya wakati wake, na ukipasua ndizi unakuta ndani imeoza. Watu wakakata, wakafukia, wakapanda tena, na mnyauko ukarudi tena. Watoto wakawa wanakunywa uji asubuhi na uji jioni, na wengine wakaanza kuvimba miguu.

Bi Kemilembe alikuwa na mgomba mmoja nyuma ya nyumba, ameachiwa na mama mkwe wake. Ndizi zake zilijaa mbegu, hazifai hata kwa mbuzi, lakini mnyauko uliupita kana kwamba haukuuona. Aliuzungushia ua wa matete, akanyamaza. Daktari Leonida alipopita nyumba kwa nyumba akiuliza, ndipo mama huyo akamshika mkono akampeleka nyuma.

"Chukua," alimwambia. "Lakini ukishapata unachokitafuta, rudi uniambie kabla hujampa mtu yeyote. Mgomba huu niliachiwa, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Nitarudi, mama," akasema Daktari.

Daktari Leonida akaenda na chipukizi lake maabara. Akachukua chembe ya urithi inayoupa mgomba ule ugumu wake, akaipandikiza ndani ya ndizi yetu ya kupika, ile ya kila siku. Miche mingi ilimfia kwenye chupa. Alilia, akaanza upya, akalia tena. Mwishowe akapata mgomba unaozaa ndizi tamu na usioogopa mnyauko, akaupanda kwenye shamba la majaribio, ndani ya uzio, juu ya kilima cha Rukindo. Kwa Bi Kemilembe hakurudi. Alijiambia ataenda baada ya mavuno.

Respicius akapewa kazi ya uzio. Sheria ilikuwa moja: mgomba ule ni kitu kipya duniani, na hakuna anayejua utamfanya nini mtu atakayeula. Kwa hiyo kila chipukizi litakalojitokeza ling'olewe, lichomwe, mpaka kamati ya usalama ipime na kutoa jibu. Respicius akasema ndiyo, naye akawa anang'oa na kuchoma kila wiki.

Sasa, wasikilizaji, lazima mjue jambo moja kuhusu Rukindo. Pale chipukizi la mgomba halinyimwi. Hata mtu mnayeshitakiana, akija kuomba chipukizi utampa, ndipo mwendelee na kesi yenu. Wala anayepewa hasemi asante, maana wanaamini mgomba ulioshukuriwa hauoti. Huo ndio ulikuwa mtego, na Respicius alizaliwa ndani yake.

Siku moja alikuwa anachoma, akamwona dada yake, Adventina, amesimama nje ya uzio. Kibanja chake, shamba lake la migomba, kilikuwa kimekwisha chote. Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni, miguu imevimba.

"Kaka, unachoma nini?"

"Machipukizi."

"Mazima?"

"Mazima. Kamati haijajibu."

"Hiyo kamati ina watoto?" Adventina aliuliza taratibu, bila ugomvi. Kisha akasema neno ambalo Respicius alikuwa akiomba asilisikie. "Naomba chipukizi, kaka."

Respicius alitazama moto, akatazama ile miguu ya mtoto. Akavua koti, akafunga chipukizi ndani yake, akalipitisha chini ya uzio.

"Usimpe mtu," alisema.

Adventina akaondoka bila kushukuru, kama inavyotakiwa.

Usimpe mtu! Kumwambia mtu wa Rukindo asitoe chipukizi ni sawa na kuiomba mvua inyeshe kwako tu. Mgomba wa Adventina ulipotoa watoto, jirani akaomba, akapewa. Jirani wa jirani naye akaomba. Misimu michache baadaye kilima kizima kilikuwa kijani, na moshi wa majiko ulinukia ndizi tena. Yule mtoto akaanza kutembea, tena akitembea kwa fujo, akivunja vyungu vya mama yake.

Watu walifurahi, wakidhani ruhusa ilishatoka, na Respicius akakonda. Akialikwa kula alikula, na kesho yake akapita kuuliza kama wenyeji wameamka wazima. Aliwahesabu watoto njiani kama mchungaji anayehofia chui. Siku moja mpwa wake aliugua tumbo, na Respicius akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Ikaja kujulikana mtoto alikuwa amekula mapera mabichi. Majirani walicheka sana. Respicius alijaribu kucheka akashindwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amewapakulia kijiji kizima.

Hatimaye jibu la kamati likaja kwa Daktari: ndizi zile ni salama, watu waruhusiwe kupanda. Mngedhani Respicius alipona siku hiyo. Hakupona. Alikuwa akijiuliza, na kama jibu lingekuwa jingine?

Ikafika siku ya kuupa mgomba jina. Huko Rukindo, mgomba mgeni huitwa kwa jina la mtu aliyeuleta. Mwenye jina huletewa mkungu wa kwanza wa kila kibanja, na jina lake halifi. Lakini jina hilo lina upande wa pili. Mgomba ukija kuleta balaa, hata baada ya vizazi, watu huenda mlangoni pa mwenye jina, na asipokuwepo huenda kwa watoto wake.

Wakakusanyika uani kwa Adventina, maana mkungu wa kwanza kabisa ulikatwa kwake. Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia abebe mkungu mpya, autue miguuni pa mtu atakayeupa mgomba jina lake. Adventina akaupandisha kichwani, na watu wote wakamgeukia kaka yake.

"Ni Respicius," mzee mmoja akasema. "Yeye ndiye aliyetuombea ruhusa. Mtu yule hatoi kitu bila ruhusa."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. Respicius akasimama.

"Sikuwa na ruhusa," alisema. "Nilitoa kabla jibu halijaja. Niliwalisha kitu ambacho hakuna aliyejua kama ni chakula au ni sumu. Ninyi hamkuulizwa. Mimi niliamua kwa niaba ya matumbo yenu."



"Lakini tumepona," mwanamke mmoja akasema.

"Mmepona kwa bahati, mama. Bahati si kazi yangu."

Daktari Leonida alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Naye akasimama, uso ameuinamisha. "Kama ni hivyo, na mimi nisikilizeni. Chembe inayoupa mgomba huu ugumu wake ilitoka kwenye mgomba wa Bi Kemilembe. Nilimwahidi nitarudi kumwambia. Sikurudi."

Bi Kemilembe akamgeukia. "Kwa nini?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana sikuuliza."

 Mama huyo akashika fimbo yake, akainuka polepole, na kumbe hakuinuka kumlaumu mtu. "Mgomba ule ulisimama wima nyuma ya nyumba yangu wakati ninyi mnafukia yenu," aliwaambia watu. "Miaka yote ile. Niliwasikia mkilia, nikaongeza matete kwenye ua. Niliogopa mngesema mimi ndiye niliyewaroga."

"Tungesema hivyo kweli," mzee yule akanong'ona, na hakuna aliyembishia.

Sasa shauri likawaka. Wengine walisema jina ni la Bi Kemilembe, kwani bila mgomba wake Daktari angechungulia nini? Wengine wakasema mgomba ule ulizaa mbegu tupu mpaka Daktari alipoutolea jasho. Waliokuwa na watoto wadogo wakampigania Respicius kwa kelele: jibu la kamati limekuja juzi tu, na mtoto mwenye miguu iliyovimba hangoji kamati. Mzee mwingine akawauliza: kesho mlinzi mwingine akipitisha kitu chini ya uzio kwa huruma, na safari hiyo ikawa sumu, watampa na huyo jina? 

Respicius alisimama akiutazama mkungu. Aliogopa kwamba utatuliwa miguuni pake. Akashtuka kugundua kwamba anaogopa pia usipotuliwa.

Adventina alikuwa bado katikati ya ua, shingo inamtetemeka kwa uzito. Mbele yake alikuwa mama aliyetunza akaficha. Kando yake alikuwa Daktari aliyeumba akavunja ahadi, na nyuma yake kaka aliyeokoa watoto kwa kuwaweka hatarini, akiwemo mtoto wa Adventina mwenyewe. Na huyo mtoto, mzima, mnene, alikuwa anamvuta upindo wa kanga akitaka ndizi.

Kaka yake hakuwahi kushukuriwa, maana desturi haikuruhusu. Kuutua mkungu miguuni pake kungekuwa asante ya kwanza. Kungekuwa pia kumwekea mlangoni kila balaa litakalokuja.

Mimi nilipowaacha, Adventina hakuwa ametua. Mkungu ni mzito, wasikilizaji, na shingo ni ya mtu. Ungekuwa wewe, ungeutua miguuni pa nani?