Mfalme Aliyecheleweshwa Kuzikwa

"Utamu wa mchezo, mwulize wa benchi la nyuma." Methali hii ilianza hivi, nami naapa mbele yenu, wajukuu zangu, ni kweli tupu, haijatiwa chumvi hata punje.

Pale Muheza palikuwa na kikundi cha maigizo cha Bi Zaina Shemdoe. Ukumbi wao ulikuwa umeshamezewa mate na wafanyabiashara wa machungwa. Wazee wa mtaa wakakata shauri: mchezo wa Jumamosi ukidoda, ukumbi unageuzwa ghala.

Alhamisi alasiri Bi Zaina akaita majirani waje kuuonja mchezo bure. Mwenyewe akasimama nyuma ya pazia. Aliposikia vigelegele akajisemea, "Tumeshinda." Kumbe waliokaa mbele wote ni shangazi za waigizaji, na shangazi hushangilia hata ukipiga chafya.

Mfalme alipochomwa mkuki, mlango wa nyuma ukaanza kulia: kwii, kwii. Watu wanatoka! Bi Zaina akajitanda kanga mpaka puani, akazunguka, akajibana benchi la nyuma.

Toba! Kule mfalme hasikiki. Kihiyo, aliyeigiza mfalme, kalala chali anatoa wosia. Anakata roho, anakumbuka neno, anairudisha.

"Jamani, huyu kafa au anasinzia?" mama mmoja akauliza.

"Kafa zamani," akajibu mzee wa pembeni. "Maiti haicheleweshwi! Wanamngoja nani, ndugu wa Ulaya?"

Vijana wawili wakainuka kwenda kutafuta jembe. Bi Zaina akaucheka mchezo wake mwenyewe mpaka kanga ikaloa machozi. Kisha kicheko kikamkauka: Jumamosi ni keshokutwa.

Akamwendea Kihiyo. "Baba, kesho utakufa upesi. Tena umesimama, macho benchi la nyuma."

"Bi Zaina! Kufa ndiko ninakokuweza!"

"Unakuweza wewe. Wanaokuzika wamechoka."

Ijumaa wakaonjesha tena. Safari hii Bi Zaina hakulitazama jukwaa. Alitazama nyuso za wa nyuma. Uso ukipiga mwayo, maneno yanakatwa.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Mfalme akayumba, akatoa neno moja likagonga ukuta wa nyuma: "Nizikeni!" Akaanguka. Watu wote wakasimama, "Tumzike!" Wa nyuma wakaruka mabenchi, wakambeba Kihiyo mabegani, wakamzungusha mji mzima, hata wale wa machungwa wakaufuata msafara wakimwaga machungwa njiani kama maua. Vigelegele viling'oa paa, likatua Korogwe! Na ukumbi ukabaki wa maigizo.

"Babu," akasema Mwanaidi, "paa si lile lile la tangu ukoloni?"

"Lilirudi," nikamjibu.

Wakaangua kicheko. Wote, ila Sempoli aliyekaa mlangoni.

"Mimi huku sijasikia hata walivyomzika," akasema. "Unawasimulia hao wa mbele tu."

Hapo babu yenu nikainuka. Nikabeba kigoda changu, na sahani ya karanga nilizokuwa nimezificha chini yake, nikahamia mlangoni, nikaanza upya kwa sauti kubwa. Utamu wa mchezo, mwulize wa benchi la nyuma.