Maziwa ya Nyirarukundo

Mwaka 2002 watu wa Baraka, mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, hawakujua utulivu. Risasi zikilia upande wa milimani, walikimbilia ziwani. Mitumbwi ya wageni ikitokeza ziwani, walikimbilia milimani. Katika hangaiko hilo ukazuka ugonjwa wa kutapika na kuharisha. Kwa siku tano zahanati ndogo ya muuguzi Félicité ilifurika wagonjwa. Félicité alikuwa mchapakazi. Kila Jumatatu aliwagawia watoto dhaifu uji kwa mikono yake mwenyewe. Sasa wawili kati ya watoto hao walikuwa wamefariki, mmoja wao wa jirani yake Georgette.

“Félicité, hii ugonjwa inatoka wapi?” Georgette alimuuliza huku machozi yakimtiririka.

Félicité hakuwa na jibu, lakini aliona aibu kunyamaza.

“Ni ile maziwa ya Nyirarukundo,” alisema. “Mutoto yake naye anaharisha.”

Nyirarukundo alikuwa mjane aliyekimbia vita vya Minembwe, kule milimani, akiwa na mtoto mmoja na ng’ombe wawili, akaishi kwa kuuza maziwa mtaani. Neno la Félicité lilienea kama moto katika nyasi kavu. Kabla ya adhuhuri vijana wenye mapanga walikuwa wamemuua ng’ombe mmoja na kuizingira nyumba ya mjane. Daktari Eugène, msimamizi wa zahanati, alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

“Mungoje!” alipaza sauti. “Nitatuma choo cha bagonjwa bote ku maabara. Kama ni yeye, karatasi itasema!”

Chifu wa mtaa alikubali, ila akaweka walinzi ili Nyirarukundo asitoroke. Eugène alikusanya choo cha wagonjwa, cha mtoto wa mjane na cha wahudumu wa zahanati. Aliongeza cha watu wa Nundu, ambako ugonjwa kama huo ulikuwa umetangulia. Sanduku la barafu likavushwa ziwa hadi maabara.

Wiki tatu zikapita. Félicité hakukalika. Aliosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, akatoka nje kila aliposikia injini ya boti. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda. Alijiambia kuwa anasubiri haki itendeke, lakini moyo wake ulidunda kama wa mshtakiwa.

Hatimaye barua ilifika. Eugène aliisoma mara mbili, kisha akamwita.

“Kila kirusi iko na ukoo yake,” alimweleza taratibu. “Bataalamu banasoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, banajua nani ni ndugu ya nani. Kirusi ya mutoto wa Nyirarukundo ni ya ukoo ingine kabisa. Ile iliyoua batoto betu ni ileile ya Nundu.” Akamwelekezea mstari wa mwisho. “Na iko ndani ya choo yako, Félicité.”

Félicité aliichukua barua akaisoma mwenyewe. Alikumbuka matanga ya shangazi yake kule Nundu, tumbo lililomsokota kwa siku moja tu baada ya kurudi, na Jumatatu iliyofuata, alipogawa uji na mikono aliyoisuuza juu juu kwa sababu maji yalikuwa machache.

“Tunaweza kusema tu ilitoka Nundu,” Eugène alinong’ona.

“Hapana. Jina yake nilitaja mbele ya batu. Yangu pia nitataja mbele yao.”

Alikwenda kwa mjane, umati ukamfuata. Pale mlangoni alisema yote, bila kujificha nyuma ya vita wala uhaba wa maji. Georgette aligeuka akaenda zake. Vijana waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine wakatawanyika.

Nyirarukundo alitoka, mtoto mgongoni.

“Mi nimekusikia, mama,” alisema. “Lakini ng’ombe yangu haitakusikia. Na ule mutoto wa Georgette pia.”

Félicité alitazama viganja vyake. Alikuwa amemsaka adui katika nyumba ya mgeni, kumbe adui alikuwa viganjani mwake. Ndiyo maana wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.