Sauti Zilizokuwa Mtoni

Mtu mmoja alikuwa na kwaya, na kwaya ile ilikuwa na ugonjwa usiosikia dawa. Mwaka mzima iliimba vizuri kanisani. Lakini ikifika makambini, jioni ya kufungua Sabato, sauti ya kwanza ilinywea kama mchicha kwenye sufuria ya moto. Wimbo ukawa besi tupu, kama ng'ombe wanaoulizana njia.

Mtu huyo aliitwa Elinihaki, mwalimu wa kwaya wa kanisa moja la milimani, Upareni. Watu wa huko, mavuno yakishaingia ndani, hufunga nyumba zao wakashuka bondeni na mahema, wakakaa juma zima wakisali na kuimba. Ndiyo makambi. Ijumaa jua linapozama, Sabato inafunguliwa kwa wimbo. Kabla ya wimbo huo moto uwe umezimwa, chakula cha kesho kiwe kimepikwa, na vyombo viwe vimeoshwa, maana baada ya hapo hakuna anayegusa kazi.

Sasa watu wale walikuwa na desturi yao. Nyumbani mwanamume hakushika mwiko. Angeshika, majirani wangesema karogwa. Lakini makambini, siku ya Ijumaa, wanaume ndio waliopika. Walivua makoti, wakakoka mioto mikubwa isiyo na kiasi, wakapika makande kwa kushindana, huyu anaonja kwa yule, yule anamcheka huyu. Hapakuwa na wa kumshinda Elinihaki. Watu walitoka mahema ya mbali na sahani mkononi.

"Mwalimu, leo umetuua!" walimwambia. "Mama Mbazi una raha, jamani. Mume anaimba, mume anapika!"

Elinihaki alicheka, akafuta jasho, akaweka mwiko chini, akaenda kuoga na kufunga tai. Mkewe Navoneiwa, huyo Mama Mbazi, alicheka pia. Kisha akainama, akaokota mwiko.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Mwaka mmoja wageni walikuwa wanakuja kutoka makanisa ya ng'ambo ya milima, na wazee wa kanisa wakamwambia Elinihaki waziwazi: wimbo wa kufungua ukilegea tena, kwaya atapewa mtu mwingine. Maneno hayo yalimkaa kifuani. Kwaya ile aliipokea ikiwa na waimbaji wa kuokoteza, akailea kama mtoto. Basi akawafundisha kinamama wa sauti ya kwanza mpaka makoo yakawakauka. Navoneiwa ndiye aliyekuwa nguzo yao. Sauti yake ilipanda bila kuhangaika, kama moshi siku isiyo na upepo. Mazoezini wimbo ulijaa, Elinihaki akajisemea, safari hii tumepona.

Ijumaa ikafika. Akapika makande mazuri kuliko ya miaka yote, akagawa, akasifiwa. Akaoga, akavaa, akasimama mbele ya mabenchi, akainua mikono wajaribu ubeti mmoja kabla wageni hawajakaa sawasawa. Besi ikanguruma. Sauti ya tatu ikajibu. Sauti ya kwanza ilikuwa bibi kizee mmoja na binti mwenye mafua.

"Wako wapi wenzenu?" akauliza.

Wanaume wakageuka kutazama nyuma. Swali lile halikuwahi kuulizwa.

Kutoka mtoni kulisikika vicheko. Elinihaki akateremka kwa hasira, maneno ya kukemea yamemjaa mdomoni: wavivu, wanasogoa huku ibada inawasubiri.

Akawakuta. Walikuwa wamejipanga ukingoni, magauni ya kwaya wameyafunga juu ya magoti, mikono myeusi hadi viwikoni. Sauti ya kwanza yote ilikuwa pale, na ya pili pamoja nayo, wakisugua sufuria za Ijumaa. Mwanamke anayejua jiko hupaka sufuria majivu yaliyolowekwa, kwa nje, kabla ya kuiinjika, ili masizi yatoke kwa maji tu. Wapishi wa Ijumaa hawakulijua hilo, wala hawakuuliza. Masizi yalikuwa yameshika kama ngozi, na ndani ukoko ulikuwa mgumu kama gome la mti.

"Haya, mpishi kaja!" akapaza sauti mama mmoja, Nakijwa, mwenye ulimi mwepesi. "Mwalimu, umepotea njia? Sifa ziko kule juu. Huku kuna ukoko tu!"

"Mwache, mwenzangu, labda kaja kuonja!"

Wakaangua kicheko. Elinihaki akafungua mdomo awakemee, na wakati huohuo wanaume kule juu wakauanza tena ule wimbo kujaribu. Ukafika mtoni umechakaa, maneno hayashikiki, mvumo tu. Akageuza kichwa kusikiliza. Kumbe hivi ndivyo Navoneiwa alivyousikia kila mwaka wimbo ambao mumewe mwenyewe alimfundisha.

Akamtafuta kwa macho. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa, ile ile ya makande matamu. Hakuwa na uso wa ugomvi. Aliisukuma taratibu mpaka ikagusa viatu vya mumewe vilivyong'aa.

"Ukitaka sauti yangu, Baba Mbazi, shika hii sufuria."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mlima. Elinihaki akavua koti, akapiga magoti, akachota majivu na majani makavu ya mgomba, akasugua. Masizi hayakumjali. Haikuchukua muda akaelewa jambo: hata akimpandisha mkewe peke yake, wengine wote watabaki majini, na sauti moja haijazi wimbo. Akainuka. Akapanda kilima na mikono yake myeusi, tai inachuruzika maji, akasimama mbele ya mabenchi na wageni wote wakimtazama.

"Mwalimu, vituko gani hivi?" akauliza Mzee Kiondo, mkubwa wa wazee wa kanisa. "Anza wimbo."

"Wimbo uko mtoni, mzee wangu, unaosha sufuria tulizochafua. Kila aliyepika na ashuke."

Mtu akaguna, "Makubwa!" Mwingine akanong'ona, "Mbele ya wageni?" Elinihaki aliona kwaya yake inamponyoka pale pale. Hata hivyo aligeuka akaanza kuteremka peke yake.

Nyuma akasikia viatu. Mzee Kiondo, ambaye maharage yake yalikuwa yameungua kuliko ya wote, alikuwa anakunja suruali huku akiulaumu mgongo wake. Nyuma yake akaja mwingine, kisha wengine, kisha wote wakisukumana kama mbuzi walioona pengo kwenye ua. Wageni nao wakashuka, maana walikuwa wamekula.

Mto ukachafuka kwa kelele. "Baba, unaibembeleza nini? Sugua!" "Hapo bado, mzee, tazama nyuma ya mkono wa sufuria!" Mashati meupe yakaharibika bila huruma. Na kazi ile, iliyokuwa ikiwameza wanawake kila mwaka mpaka jua linazama, ikaisha ghafla, mikono mingi ikabaki inatafuta cha kuosha.

Jua likagusa mlima. Muda wa kupanda haukuwepo tena. Basi Elinihaki akainua mikono pale pale ukingoni, sufuria zimepinduliwa nyasini zinang'aa, na wimbo ukaanza. Navoneiwa akaingia, na sauti ya kwanza yote ikaingia naye, nzima, haijapungua mtu. Wimbo ukapanda, ukafika kwenye mabenchi matupu ambako bibi kizee na binti wa mafua waliudaka, ukaenda ukagonga milima, ukarudi umekuwa mkubwa zaidi. Mzee Kiondo alilia bila kujificha, machozi yakichora njia kwenye masizi ya mashavu. Habari ya kumpa kwaya mtu mwingine haikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Na wewe, nyumbani kwako furaha inapoanza, ni nani ambaye mikono yake bado iko majini?