Bwana Aliyeheshimiwa na Vyura

Zamani za ngome na mapanga, kule Bretania, pembe ya Ufaransa inayochomoza baharini, alikuwako bwana mmoja mtawala, mwenye farasi arobaini na kitambi cha kutosha. Alipenda kulala mchana. Chini ya dirisha lake palikuwa na bwawa la vyura, na desturi ilikuwa hivi: bwana akijinyoosha tu, wanakijiji huingia majini na fimbo ndefu, wakalichapa bwawa hadi aamke. Vyura kimya.

Alilala vizuri miaka ishirini, hata akazisahau zile fimbo. Akawa anajisifu, "Mimi hata vyura wananiheshimu." Akamwalika bwana jirani aje ashuhudie.

Kumbe siku hiyohiyo mjane mmoja anamwoza bintiye. Kijiji kizima kimehamia uani kwake, kwenye zumari na mapipa ya matofaa. Msiniulize yamefanywa nini hayo matofaa.

Vyura wakaanza. Mmoja, kumi, mia.

Jirani akaweka kikombe chini. "Ndio hawa wanaokuheshimu?"

Bwana akatoka mbio na soksi. "Nyamazeni! Mimi ni bwana wenu!"

Mnadhani walifanyaje? Walizidisha.

Akaokota fimbo, akajitosa hadi kiunoni, akachapa. Kimya. Akapumzika, wakaanza. Akachapa tena, mabega yakimwaka moto, na moyoni swali likamchoma: miaka ishirini, mabega ya nani?

Kuinua macho, mjane yuko ukingoni, kajifunga kibwebwe.

"Mama, mlifanya hivi kila siku?"

"Kila siku, Mtukufu. Jua, mvua, hata na mimba."

Bwana akashusha fimbo, aanze kuomba radhi.

"Aa, usiache, baba! Tangu uanze, zumari linasikika vizuri. Mwanangu ndiyo kwanza anaingia kucheza."

Bwana akamtazama. Kisha akaangua kicheko, akachapa maji kwa mdundo wa arusi mpaka jua likatua. Jirani naye akavua viatu.

Haya, sisi sasa. Sisi tunaosimama hapa kushuhudia kwamba nyumba zetu zina amani kwa sababu ya maombi. Amina, tunaomba. Lakini nani kabaki na mtoto wako ili wewe uje uimbe kwaya? Msimgeukie mzee wa kanisa! Hata mimi ninaye dada wa kazi, na siku yake ya kuzaliwa siijui.

Tukifika nyumbani tusimletee hotuba ya shukrani. Tumwambie: leo nenda wewe ukacheze. Lete hiyo fimbo.