Somo wa Binti Mhina

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina fumbo, na jibu lake sinalo.

Palikuwa na wanawake watatu katika chumba cha kompyuta cha hospitali moja ya mkoa. Salme alijua kugawa: mpe kitu kikubwa, atakipangia mafungu. Hidaya alijua kuweka alama: hakuna alichokihifadhi akakikosa. Zawena alijua kuuliza. Mama yake alisema mtoto huyu alizaliwa na swali mdomoni.

Hospitali hiyo ndiko Mhina alikompeleka mkewe, Mwanakombo, kujifungua. Mtoto wa kike alitoka salama, lakini mama akavuja damu. Alihitaji damu ya kundi O hasi, adimu kwetu, nayo akiba ilikuwa imekwisha. Majina ya wachangiaji wa nchi nzima yalikuwa ndani ya jedwali moja la kompyuta. Muuguzi akatafuta. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka. Mhina alisimama nyuma yake, akiitazama. Jina lilipotokea, Mwanakombo alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

Wale watatu walipata habari. Hakuna aliyewatuma.

Salme akaligawa jedwali, kila mkoa fungu lake, ili anayehitaji damu huku asitafutiwe kwanza katika nchi nzima.

Hidaya akaunda faharasa ya makundi ya damu ndani ya kila fungu, mfano wa ile ya mwisho wa kitabu inayokupeleka kwenye ukurasa unaoutaka. Awali kompyuta ilikuwa ikisoma mstari kwa mstari.

Wakajaribu. Alama ikazunguka vilevile.

Ndipo Zawena akalikagua swali lenyewe ambalo kompyuta ilikuwa ikiulizwa. Aliyeliandika zamani hakutaja mkoa, kwa hiyo mafungu yote yalifunguliwa. Tena aliagiza kila kundi la damu ligeuzwe kwanza kuwa herufi ndogo, ilhali faharasa ilipangwa kwa herufi kubwa, hivyo ikarukwa kama haipo. Zawena akaliandika upya.

Haukupita muda, ngozi ya mtoto ikawa ya manjano. Daktari akasema damu yake ibadilishwe, na inayofaa ni ileile, O hasi. Muuguzi akabonyeza. Mhina akafumba macho asiione ile alama. Kabla hajayafumbua akasikia, "Yupo! Anakaa hapahapa mjini!"

Mchangiaji akaja, akatoa damu, akaomba asitajwe. Mtoto akapona.

Siku ya kumpa jina, bibi yake mzaa mama, Bi Kibibi, alimwambia Mhina, "La mwanangu usimpe, baba. Sina kifua cha kuliita kila asubuhi. Mpe la mmoja wa wale watatu, awe somo wake, mwenye jina moja naye. Asiye na mama akiwa na somo, ana pa kukimbilia."

Kwao jina ni moja, na somo ni mmoja.

Watatu walipofika, Bi Kibibi akawauliza, "Haya, wanangu, nani kamwokoa mjukuu wangu?"

"Bibi, bila mafungu yangu hawa wangekuwa wanatafuta sindano kwenye shehena," Salme akasema.

"Na ukiigawa shehena, shoga, si kila gunia lina giza lake?" Hidaya akamjibu. "Mimi ndiye niliyeonyesha sindano ilipo."

"Mlipanga duka vizuri sana, mabibi," Zawena akasema, "ila mteja alikuwa hajui kuomba. Mmesahau mlivyokaa mkiitazama ile alama?"

Wakacheka kidogo, hata walipomwona Mhina.

"Dada zangu," Mhina akasema, "kila mnachosema ni kweli. Laiti kingenipunguzia kazi."

Akampakata binti yake. Adhana ikasomwa sikioni mwa mtoto. Shehe akainua uso: "Haya, baba. Jina?"

Mhina akainama. Salme, Hidaya, Zawena: angemtaja yeyote, angewadhulumu wawili, na mtoto angemkimbilia huyo mmoja maisha yake yote.

Shehe bado anangoja. Nanyi mliokaa hapa, mngekuwa Mhina, mngemnong'oneza shehe jina la nani?