Daftari la Fundi wa Mageti

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti. Karakana yake ilibanwa na karakana nyingine mbili za kazi hiyohiyo, moja kulia, moja kushoto. Mnazijua karakana hizo! Vyuma vimelala nje, cheche zinaruka, na ukutani zimebandikwa picha za mageti zilizopauka kwa jua. Mteja anakuja, ananyoosha kidole, "Nitengenezee kama hili," na fundi anatengeneza kama hilo. Ndiyo maana mtaa mzima mageti yanafanana kama sare za shule.

Fundi huyu akachoka kunakili. Akanunua kaunta buku, lile daftari nene, akajiwekea sharti: kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, anachora ukurasa mmoja. Mmoja tu! Leo jani la mpapai, kesho mguu wa kuku, keshokutwa ukili wa mkeka. Na kuchora alikuwa hajui, nawaambieni ukweli. Siku aliyochora twiga, mkewe aligeuza daftari huku na huku, kisha akauliza, "Baba Eliya, huyu mbuzi amenyongwa na nani?"

Mnacheka? Hata yeye alicheka. Lakini kesho yake alichora tena. Na taratibu, wapendwa, taratibu, lile jani la mpapai likaanza kugeuka ua la geti. Ule ukili ukawa nondo zinazopishana juu na chini, mchoro ambao hakuna fundi aliyewahi kuubandika ukutani. Moyo wake ulikuwa unamdunda kwa furaha, peke yake pale kwenye benchi, chai inapoa.

Je, majirani walimpongeza? Thubutu! "Fundi, uko darasa la ngapi sasa?" walimwuliza. "Picha zimejaa kwenye simu, wewe unahangaika na peni!" Na wateja wakaenda kwa wenye simu. Dhihaka ziliendelea mwaka mzima, na miezi miwili ya mwisho hakuuza hata geti moja.

Ndipo tangazo likatoka. Shule ya watoto wasioona inataka geti kubwa, na mafundi waje na michoro yao. Mkewe hakuwa mtu wa kulalamika, lakini asubuhi ile alimwambia, "Baba Eliya, tukiikosa na kazi hii, tuuze mashine, turudi kijijini tukalime." Naye akajibu, "Sawa." Hebu pimeni uzito wa hiyo sawa! Mtu anakubali kuuza mikono yake.

Akafika shuleni na kaunta buku lake kwapani, lina alama za vidole vya grisi mpaka kwenye jalada. Majirani zake wawili walikuwa wameshatangulia, wana picha za rangi, zimechapishwa kwenye duka la stationery, zinang'aa. Fundi wetu akatamani ardhi ipasuke. Mlango ukafunguliwa, mwalimu mkuu akasimama kuwasalimu, akanyoosha mkono. Mkono ukaenda pembeni, pasipo na mtu.

Wapendwa! Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa haoni.

"Leteni michoro," akasema. Jirani wa kwanza akaweka picha yake mezani. Mwalimu akaipapasa kwa kiganja chote. "Laini," akasema. "Umechora wewe?"

"Nime... nimeitoa kwenye simu, mwalimu."

"Hapa hakuna mtu. Asante." Akapapasa na ya pili. "Na hapa pia hakuna mtu."

Fundi wetu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nina daftari tu."

"Lilete."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mkono uliobeba vyuma miaka yote hiyo haujui kushika peni kwa upole. Fundi alikuwa anakandamiza, na kila mstari aliouchora ulitokeza nyuma ya karatasi. Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza, akapitisha vidole kwa nyuma, polepole, kama asomavyo vitabu vyake vya nukta nundu.

"Hapa ulikuwa unaogopa," akasema. "Mstari unatetemeka. Na huyu ni mnyama gani?"

"Twiga, mwalimu."

"Mh!"

Akaendelea kufunua, ishirini, hamsini, mia. Uso ukaanza kuchangamka. "Hapa mkono umekubali. Hapa umefurahi! Hapa..." Akarudisha kidole nyuma. "Hapa unatetemeka tena. Ulisimama?"

Hilo hakuna aliyejua. Kuna wakati dhihaka zilimzidi, akalitupa daftari uvunguni, asiliguse. Angeweza kusema aliumwa, nani angebisha? Na riziki yake yote ilikuwa chini ya kidole kile.

"Nilisimama, mwalimu. Miezi minne. Nilikata tamaa."

Mwalimu akafunua ukurasa uliofuata, na uliofuata, na uliofuata, mpaka mistari ikanyooka tena. Akafunga daftari.

"Fundi," akasema, "watoto wangu hapa, hakuna ambaye hajawahi kuambiwa na mtu aache. Geti watakalolishika kila siku nataka litengenezwe na mtu aliyeacha, akarudi. Anza Jumatatu."

Haleluya! Mnaona? Yeye alidhani kurasa zile mbaya zitamwangusha, kumbe ndizo zilizomtetea!

Sasa sisi je? Sisi tunaomletea Mungu karatasi laini: sala ya kukariri, ushuhuda wa jirani, kipaji tulichokipiga picha kwa mwenzetu? Anapapasa, anauliza, "Mwanangu, wewe uko wapi hapa?" Tutamjibu nini?

Najua wapo humu ndani waliosimama. Kuna dada alikuwa anachora mitindo ya nguo, akachekwa, akaacha. Kuna kijana alikuwa anabuni viti na meza kwenye daftari, nzuri kweli, leo hataki hata kuulizwa. Kuna mzee hapa alikuwa anaamka kuomba, na sasa ni mwaka mzima haamki. Na kila mmoja wetu anajiambia, "Nitarudi, lakini kwanza nijiandae, mkono uwe mzuri kidogo." Utakuwaje mzuri, ndugu yangu, nao umelala?

Chora ukurasa wa kesho. Utakuwa mbaya, nakuhakikishia! Chora hivyohivyo, na keshokutwa chora tena. Wala usisubiri mkono uache kutetemeka ndipo urudi. Rudi nao ukitetemeka.