Shira Iliyopoa Bila Kushikana

Mtu mmoja alikuwa na karai la kupikia sukari guru, aliloachiwa na marehemu baba yake. Mtu huyo aliitwa Kobelo. Siku aliyogombana na Mkude, mdogo wake, kwa ajili ya shamba la miwa, alilisugua karai lile mpaka likang'aa, asibakize hata punje ya sukari iliyopitia mikononi mwa mdogo wake. Akasahau kwamba ni zile punje kuukuu zinazoifundisha shira mpya, yale maji ya miwa yaliyochemshwa, kushikana ikawa donge. Hasira hasara.

Mwaka ukapita. Binti yake akaposwa, na kwa desturi ya kwao bibi harusi hatoki mpaka baba awavunjie wakwe donge la sukari guru alilolipika mwenyewe. Kobelo akapika. Shira ikaiva, akaiepua, ikapoa, lakini haikushikana. Akaikoroga. Akaiacha. Akaikoroga tena. Ilizunguka tu karaini, nzito, isiyo na pa kukaa, naye akalizunguka karai vilevile. Alijua punje za zamani zimebaki kwa Mkude tu, ng'ambo ya bonde. Akashika njia, akarudi. Akakaa, akainuka. Alimkumbuka mdogo wake kwa uchungu, na ndani ya uchungu ule mlikuwa na hamu ya kumwona. Jua likageuka, na shira ikazidi kuwa nzito.

Hatimaye akaenda. Mkude alichukua donge lake kuukuu la sukari guru, wakafuatana. Walipofika, shira ilikuwa imekakamaa, inang'aa kama kioo. Wakanyunyiza punje za donge lile juu yake, zikabaki juu juu tu. Kobelo akajifariji kwamba angalau imetulia, wakwe hawatajua. Mkude akaigonga kwa mwiko, ikapasuka vigae.

“Hii imepoa, kaka, haijashikana,” akasema. “Irudishe motoni.”

Kobelo akaogopa, maana kilichokwisha kupikwa huungua upesi. Lakini akatia maji kidogo, akachochea kuni. Ndugu wawili wakasimama kwenye moshi ule ule. Shira ikalegea, ikaanza tena kutembea. Na humo humo, wakipokezana mwiko, yakatoka maneno ya shamba, yote, makali, mpaka wakalia. Moto ulipopungua wakatia punje. Ikashikana.

Nanyi mnaosema ugomvi wa nyumbani kwenu umekwisha, kwa kuwa siku hizi hakuna anayepaza sauti: mmepatana, au mmepoa tu?